Kuna mtu humu ndani ananiigiza

Mama mdogo aliimba mstari wa kwanza, akaingia wa pili, akanyamaza katikati ya neno. Akavua hedifoni, akageuka kuutazama ukuta nilioegemeza godoro, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, kuna mtu humu ndani ananiigiza."

Chumbani tulikuwa wawili tu. Pangaboi tulilizima kwa ajili ya maiki, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa blanketi, na joto la Tanga la mwezi wa pili lilishaingia likakaa nasi. Juu pembeni ya kioo cha kompyuta, programu ya kurekodi ilikuwa inaonyesha ucheleweshaji, yaani muda kati ya kuimba na kujisikia kwenye hedifoni, wa milisekunde 11.6. Kila nilikosoma na kila niliyemuuliza aliniambia kwamba chini ya 12 mwimbaji hasikii kitu.

Yeye alisikia.

Huyu ni mtu aliyewaimbia taarabu maharusi wa mji huu tangu mimi sijaanza shule. Hajui bafa ni nini, wala hana haja ya kujua. Lakini neno lake lilinikaa kichwani wiki baada ya wiki, kwa sababu kati yake na kompyuta mmoja alikuwa anasema uongo, na sikuona kwa nini awe yeye.

## Hesabu ya kwenye kioo

Mnaorekodi nyumbani hesabu hii mnaijua, naipita haraka. Kompyuta haishughuliki na kila chembe ya sauti inapofika. Inafanya kazi kama daladala: haiondoki mpaka ijae. Idadi ya viti ndiyo bafa, na abiria ni sampuli, vipande vidogo vya sauti. Ukiweka bafa ya sampuli 256 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, gari linajaa kila baada ya milisekunde 5.8. Kuna gari la kuingia na gari la kutoka, ndipo inapopatikana ile 11.6.

Punguza viti, gari litaondoka mapema. Bafa ya 128 inatoa milisekunde 2.9 kila upande, ya 64 inatoa 1.45. Na ushauri wa kila fundi ulikuwa wa maneno mawili: shusha bafa.

Nikashusha mpaka 64. Mama mdogo akaimba ubeti mzima bila kusimama. Tulipousikiliza, sauti ilikuwa imejaa mikwaruzo, na yote ilikuwa imejipanga pale pale anapoivuta sauti na kuipindapinda kabla ya kuishusha. Yaani pale ambapo watu hunyanyuka vitini kwenda kutunza.

Hapo magonjwa mawili yakaanza kujifanya mmoja. Nikipandisha bafa, mwigizaji anarudi. Nikishusha, mikwaruzo inarudi.

## Asilimia 20

Mikwaruzo maana yake si fumbo. Saa ya gari kuondoka imefika na abiria hawajapanda. Kadi ya sauti, kile kifaa kinachounganisha maiki na hedifoni na kompyuta, imekuja kuchukua fungu lake, prosesa haijalimaliza, basi kinachotoka ni kitupu au kimekatika.

Kilichonichanganya ni kwamba kipimo cha matumizi ya prosesa kilikuwa kinacheza kwenye asilimia 20. Kompyuta yenye nafasi yote hiyo inashindwaje kumaliza kazi kwa wakati?

Niliizunguka hoja hiyo siku nyingi kabla ya kuona kwamba asilimia 20 ni wastani, na sauti haiishi kwenye wastani. Bafa ya 64 inataka jibu kila milisekunde 1.45, bila kukosa, zaidi ya mara 680 kwa sekunde. Draiva moja, yaani programu inayokiendesha kifaa fulani cha kompyuta, ikiikalia prosesa milisekunde mbili tu, umeshakosa zamu yako na mkwaruzo umeshaingia kwenye wimbo. Kipimo kitaendelea kusema 20.

Kuna programu ya bure ya Windows iitwayo LatencyMon inayoonyesha ni draiva ipi imeikalia prosesa na kwa muda gani. Kwangu jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la waifai. Kumbe hata usipoitumia, kila baada ya muda huchungulia mitandao ya majirani kuona nani yuko hewani. Nikaizima. Mikwaruzo ikapungua sana, haikuisha.

Nikaingia kwenye mpangilio wa umeme. Laptopu hii niliinunua ikiwa imetumika, na kama laptopu zote imefundishwa kuokoa betri: prosesa inasinzia kidogo kila inapopata upenyo, na matundu ya USB yanazimwa yakionekana hayana kazi. Kwa mtu anayeandika barua ni busara. Kwa kadi ya sauti inayoning'inia kwenye USB, kila usingizi una kuamka kwake, na kuamka kunachukua muda. Nikaweka utendaji wa juu, nikakataza USB kulala, nikaacha chaja imechomekwa.

Kimya. Hakuna mkwaruzo hata mmoja.

Hiyo ilikuwa asubuhi. Saa nane mchana, laptopu ile ile, mpangilio ule ule, ilirudi yote.

## Joto

Hapa naomba niseme jambo ambalo sijaliona likiandikwa popote. Ushauri mwingi wa kurekodi nyumbani umeandikwa na watu ambao vyumba vyao vina nyuzi joto 20. Wanasema ziba dirisha, funga mlango, zima feni. Ukifanya hivyo kwao unapata utulivu. Ukifanya hivyo Tanga mchana unapata tanuri, na ndani ya tanuri hilo kuna mwimbaji na prosesa.

Mwimbaji anajipepea kwa kanga na kuomba maji. Prosesa haiombi. Ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, haimwambii mtu. Kazi iliyokuwa inaisha kwa milisekunde moja asubuhi sasa inachukua mbili, na bafa ya 64 haina subira hiyo.

Nikampelekea fundi. Alipoifungua alitoa kwenye kifeni chake vumbi lililoshikana likawa kitambaa, akapaka upya pesti kati ya prosesa na bati la kupoozea, akanirudishia. Nikaiinua juu ya vipande viwili vya mbao ili ivute hewa kwa chini. Pia nimebadili ratiba: sauti za watu tunarekodi asubuhi au baada ya isha, mchana ni wa kuhariri huku pangaboi linazunguka.

Basi bafa ya 64 ikawezekana. Ningeweza kuishia hapo na kuandika makala fupi.

Lakini lile swali la kwanza lilikuwa halijaguswa. Ikiwa 11.6 haisikiki, mama mdogo alisikia nini?

## Waya mmoja

Nilirudisha bafa 256, nikachukua waya wa jeki, nikautoa kwenye tundu la kutokea sauti nikauchomeka kwenye tundu la kuingilia la kadi hiyo hiyo. Nikaweka mlio mmoja mfupi, tiki, kwenye traki, nikaicheza, nikairekodi inavyorudi kwenye traki ya pili, huku nimezima ile huduma ya programu kusahihisha muda yenyewe. Kisha nikavuta picha ya mawimbi karibu na kuhesabu sampuli kati ya tiki niliyoituma na tiki iliyorudi.

Sampuli 838.

Gawanya kwa 44,100. Ni milisekunde 19.

Kioo kilikuwa kinahesabu bafa tu. Hakikuhesabu vigeuzi vya kadi, kile kinachogeuza umeme wa maiki kuwa namba na kile kinachorudisha namba kuwa umeme, ambavyo kila kimoja kina kuchelewa kwake. Hakikuhesabu akiba ambayo USB hujiwekea. Na zaidi ya yote, draiva niliyokuwa nimeiweka, ya bure na ya jumla, ya kufaa kadi zote, ilikuwa na akiba yake ya ziada isiyoitangaza kwa programu. Nikaiondoa, nikaweka draiva ya ASIO (aina iliyotengenezwa kupitisha sauti kwa haraka) iliyoandikwa na mtengenezaji wa kadi yenyewe, bafa 128, nikarudia waya. Sampuli 353. Milisekunde 8.

Kwa hiyo uongo ulikuwa wa kioo.

Na ulikuwa na madhara mengine ambayo sikuyatafuta. Programu ya kurekodi huamini draiva: ikiambiwa kuchelewa ni 512, inaivuta nyuma kila traki mpya sampuli 512 ili ikae mahali pake. Ukweli ukiwa 838, kila traki inabaki nyuma kwa sampuli 326, milisekunde 7 na kitu. Sauti ya mtu haitakusaliti kwa hilo. Fidla nayo haitakusaliti. Makofi yatakusaliti. Tulikuwa tumerekodi makofi juu ya dumbaki, halafu makofi mengine juu ya makofi, na kila tabaka lilikuwa limefuata lililotangulia na kuongeza deni lake. Niliwahi kuwanung'unikia wapigaji. Sasa naandika tofauti iliyopimwa kwa waya kwenye sehemu ya marekebisho, na kila nikibadili draiva au bafa napima upya.

(Jambo dogo kwa wanaopenda kupamba mapema: baadhi ya plagini, programu ndogo za kupamba sauti, kama kizuia kilele chenye kutazama mbele na ikwalaiza za aina ya fezi mstari, hushikilia sauti kwanza ili zione kinachokuja. Moja ya hizo kwenye traki kuu inaweza kuongeza milisekunde makumi, na kusumbuka kwako kote na bafa kukawa bure. Wakati wa kurekodi, traki kuu iwe tupu.)

## Bomba

Nikamwita tena mama mdogo. Baada ya isha, chai ya tangawizi mezani, kompyuta imepoa, milisekunde 8 za kweli.

Akaimba mpaka kibwagizo.

"Haya, yule mtu kaondoka."

Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

"Lakini sauti yangu imekuwa nyembamba, mwanangu. Kama naimba ndani ya bomba. Hii si sauti yangu."

Nilirudisha nyuma tulichorekodi nikamwekea kwenye spika. Sauti ilikuwa nzito, nzima, ya kwake. Akakubali kwamba kilichorekodiwa ni yeye. Akavaa hedifoni, akaimba tena, akatikisa kichwa: bomba.

Hapa ndipo nilipokaribia kumwambia ni mazoea tu. Wengi wetu tuliokaa nyuma ya kompyuta tumewahi kumwambia mwimbaji hivyo. Kilichonizuia ni kwamba mara ya kwanza alikuwa sahihi kwa milisekunde 7 ambazo hata draiva ilizificha.

Nikatoka kwenye kompyuta nikarudi kwenye fizikia. Mtu anapoimba hujisikia kwa njia mbili. Moja ni hewani. Nyingine ni mifupa ya fuvu lake mwenyewe, kutoka kooni na taya mpaka sikioni, na hiyo haichelewi kiasi cha kupimwa. Ukimvisha hedifoni, sauti ya mifupa inafika sasa hivi na sauti ya kompyuta inafika milisekunde 8 baadaye, zote mbili ndani ya sikio lile lile. Zinajumlishana. Pale ambapo wimbi moja linapanda na jingine linashuka, zinafutana. Kwa milisekunde 8 mafutano hayo huangukia kwenye mitetemo 62.5 kwa sekunde (Hz), kisha 187.5, kisha 312.5, na kuendelea kila baada ya 125 Hz. Sauti ya mwanamke anayeimba chini, kwa utulivu, inaishi humo humo.

Yaani mwigizaji hakuondoka. Alisogea karibu mno hata haonekani kama mtu wa pili, akaanza kula sauti yake kwa ndani.

Na ukiendelea kushusha, unahamisha tu mahali pa kufutana. Kwa milisekunde 3 shimo la kwanza linakwenda karibu na 167 Hz, la pili 500. Hakuna bafa itakayolimaliza. Hilo lilinisumbua kuliko yote, maana nilikuwa nimejenga kila kitu juu ya imani kwamba namba ndogo ni namba bora.

## Ukumbini alikuwa hajali

Swali likageuka. Mtu huyu ameimba miaka na miaka kwenye kumbi na kwenye mahema ya harusi, mpiga fidla yuko mita nne kushoto kwake, spika ziko mbele mita kumi. Sauti husafiri hewani karibu mita 350 kwa sekunde kwenye joto letu. Fidla ilikuwa inamfikia kwa kuchelewa milisekunde 11 na zaidi. Spika karibu milisekunde 29. Hakuwahi kusimamisha harusi kusema kuna mtu anamwigiza.

Nilimuuliza. Akacheka. "Fidla nilikuwa naifuata kwa mkono wake, siyo kwa sauti. Na spika ni za watu, mimi zinanihusu nini?"

Spika ni za watu.

Jibu lote lilikuwa humo. Kuchelewa kwa mwenzako na kuchelewa kwako mwenyewe si kitu kimoja. Fidla ikichelewa milisekunde 11 imesimama tu mbali kidogo, na sikio limezaliwa likijua umbali. Sauti yako mwenyewe haina umbali. Tangu utotoni haijawahi kukujia kutoka mita tatu nyuma yako.

Mmarekani Bernard Lee aliandika mwaka 1950 juu ya watu waliorudishiwa sauti yao wenyewe kwa kuchelewa: walianza kugugumia, watu wazima wasio na kigugumizi. Athari hiyo huwa kali zaidi karibu na sehemu ya tano ya sekunde. (Mpwa wangu alikuja hapa na hedifoni za bluetooth akitaka kufoka nazo. Nilimwacha ajaribu. Hizo hupita milisekunde 100 bila jasho, na alijikanyaga mwenyewe kabla ya mstari wa tatu.)

Wala si tatizo la kompyuta. Mashine za tepu zilikuwa na kichwa cha kurekodia na kichwa cha kusikilizia, sentimita chache kati yao, na tepu inayokwenda sentimita 38 kwa sekunde ikihitaji zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde kutoka hapa hadi pale. Ukitaka kuimba juu ya ulichorekodi jana, ulikuwa unachelewa kwa kiasi hicho. Ampex, kampuni ya Marekani ya mashine za tepu, walilitatua miaka ya 1950 kwa kukifanya kichwa cha kurekodia kicheze pia, mbinu waliyoiita Sel-Sync. Na bendi zetu zilizokuwa zinarekodi Radio Tanzania Dar es Salaam hazikuwa na shida hiyo hata kidogo, kwa kuwa zilipiga pamoja, chumba kimoja, kwa mkupuo mmoja. Kila mtu alikuwa anajisikia kwa mifupa yake.

## Sikio moja

Wakati mimi napiga hesabu, mama mdogo alishaifikia njia yake. Alilisogeza sikio la kushoto la hedifoni nyuma ya sikio lake, akaacha la kulia, akaimba. Vizuri. Waimbaji wengi wa studio hufanya hivyo na mafundi huwakataza kwa sababu muziki unavuja kwenye maiki. Nilikuwa nawakataza pia.

Kadi yangu, kama nyingi za bei ya chini, ina kinobu kinachochanganya sauti ya maiki moja kwa moja na sauti ya kompyuta. Ukikigeuza, maiki inakwenda hedifoni bila kupita kwenye kompyuta kabisa, haijui bafa wala daladala. Nilikuwa nimekidharau kwa sababu sauti yake ni kavu, haina mwangwi, na mwimbaji wa taarabu ukimnyima mwangwi umemnyima ukumbi. Ataanza kusukuma sauti ili ajaze chumba ambacho hakipo.

Lakini mwangwi kwa asili yake ni kitu kinachochelewa. Hakuna ukumbi ambao mwangwi wake hufika pamoja na sauti. Basi nikazima kabisa sauti yake kavu ndani ya programu, nikabakiza mwangwi mtupu, asilimia 100, upite kwenye kompyuta uende hedifoni. Sauti kavu inakuja kwa kinobu, mara moja. Mwangwi unakuja nyuma yake, umechelewa kwa kiasi chochote ambacho bafa inataka, na kuchelewa huko kunasikika kama ukuta ulio mbali zaidi.

Kisha nikafanya jambo ambalo wiki zote hizo lilikuwa kinyume cha kila ushauri. Nikapandisha bafa. 512.

Mikwaruzo haikuwepo, waifai ikiwa imewashwa. Prosesa ikawa na muda wa kupumua hata chumba kikiwa cha moto. Mama mdogo akavaa hedifoni masikio yote mawili, akaimba nyimbo mbili mfululizo, akaniuliza kama nimebadilisha maiki.

## Kinanda bado

Haya yote yanamfaa mwenye koo au fidla au udi, kitu chenye sauti yake hewani. Hayamfai mpiga kinanda anayetumia sauti za ndani ya kompyuta. Kidole kikigusa kitufe, sauti yenyewe inazaliwa kwenye prosesa, hakuna kinobu cha kuikwepesha. Yeye anaihitaji bafa ndogo kweli, na kila kitu nilichofanya kuhusu joto na waifai kinamhusu yeye kuliko mwimbaji.

Mpiga kinanda wetu anakuja Jumamosi. Mpango ni huu: traki zote zilizokwisha rekodiwa nazigandisha ziwe sauti tupu bila plagini, nabakiza sauti yake ya kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, peke yake kwenye prosesa, waifai naizima, bafa narudi 64, tunaanza saa moja asubuhi. Kinanda hakina maiki, kwa hiyo pangaboi litazunguka. Ameniambia yeye milisekunde 10 hazimsumbui. Nitampima kwa waya kabla sijamwamini, na nitamsikiliza kabla sijauamini waya.